Nilidhani Ni Hitima

Nawaandikia kina mama wenzangu, hasa nyinyi mnaofanya kazi katika majumba ya wageni, mnaoingia asubuhi na kutoka alasiri, na vitu vya watu viko mikononi mwenu. Msipeleke kwenu jambo msilolijua maana yake. Na mkishaijua maana, msiifiche. La kwanza watu hulisamehe. La pili ndilo lililonipata mimi.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Kiingereza changu ni cha shuka na taulo, na chai ya maziwa au bila maziwa. Nafanya kazi Shela, kwa Mzungu mmoja mtu mzima, mjane, sote twamwita Madamu. Huja mwezi wa kumi, huondoka mwezi wa nne mvua zikikaribia, nami hubaki na funguo. Kazi yangu miezi hiyo ni kupigana na ukungu. Nafungua madirisha, naanika magodoro, nafuta vitabu kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu. Na kuna santuri. Ni ndogo, iko ndani ya sanduku lenye mkono, ukilifunga waweza kulibeba kama mkoba. Madamu ana sahani nyingi za muziki lakini moja ndiyo aipendayo, na aliniambia, "Uipige kila wiki, Mama Asmaa. Mashine isipozunguka, chumvi itaila."

Basi nikaipiga kila wiki, miaka minne.

Jalada lake lina picha ya mwanamke aliyekaa kitini, gauni la kijani, viatu amevua ameviweka kando. Jina lake limeliwa na unyevu, zimebaki herufi mbili za mwisho. Madamu akiwapo huisikiliza Ijumaa saa nne za asubuhi. Huvaa nguo nzuri. Huweka picha ya marehemu mumewe juu ya meza, huwasha mshumaa, hukaa. Hasemi na mtu. Upande wa kwanza ukisha anageuza, anasikiliza wa pili mpaka mwisho. Analia kidogo, si sana. Halafu anaingia jikoni anakata keki aliyoioka yana yake, Alhamisi, anatugawia sote, mimi na mtu wa bustani na fundi wa maji kama yupo.

Haya niambieni. Siku ni Ijumaa, picha ya maiti iko mezani, watu wamenyamaza, pana sauti ya polepole ya huzuni, kisha chakula kinagawiwa. Ungesema ni nini? Mimi nilisema ni hitima, kisomo cha kumwombea maiti. Nilisema Wazungu nao wana hitima yao, na huyu mwanamke wa gauni la kijani ndiye msomaji wao. Nilikuwa nikiingia chumba kile navua ndara mlangoni, na mtandio najifunika vizuri.

Nami nikaipenda. Siwezi kusema uongo hapa. Taarabu ukiisikiliza, maneno ndiyo hukushika kwanza, wataka kujua nani kapigwa kijembe. Hii sikuwa na maneno yake, kwa hivyo nilisikia vingine vyote. Kuna ngoma isiyopigwa, inafagiliwa. Wallahi ni sauti ya fagio laini juu ya sakafu ya chokaa, shaa, shaa, na mimi nafagia miaka thelathini, naijua. Kuna zeze kubwa linalosema tumboni. Fidla zinaingia wimbo wa tatu, nyingi pamoja, kama pazia linaloinuliwa na upepo, kisha zinatoka. Na yeye mwenyewe sauti yake ni nzito kidogo, ya mtu aliyetoka kuamka. Haharakishi. Piano inakwenda, fagio linakwenda, yeye hayupo, wasema leo kasahau, ndipo anaingia amechelewa, na wajua kwamba hapo ndipo mahali pake hasa. Kabla ya neno unasikia akivuta pumzi. Upande wa pili, wimbo wa nne, ni yeye na piano tu. Mwisho wa kila mstari hauachi wala hauvuti, anauweka chini taratibu, mfano wa mtu anayelaza mtoto aliyekwisha lala.

Hivyo ndivyo nilivyoisikia. Sasa niwaeleze yaliyotokea.

Asmaa ni binti yangu, ana miaka ishirini na minne. Babake alitangulia zamani. Mumewe, Mahir, alikuwa mtu wa Pate, mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Ras Kitau, ng'ambo yetu hapo. Walikaa kwangu, kama ilivyo desturi yetu, mume huingia nyumbani kwa mke. Wana mtoto mmoja, Zamzam, miaka sita. Mwezi wa tano Mahir aliugua homa siku tatu, ya nne tukamzika. Asmaa akaingia eda.

Wasiojua, eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Mwanamke hatoki nyumbani. Hapaki wanja wala hina, hafukizi udi, havai rangi. Anavaa nyeupe, anakaa, anamwombea mumewe. Ngoma na nyimbo haziingii nyumba hiyo. Kila mtu anajua hayo. Mimi pia nayajua.

Mamake Mahir, Bi Mwanashee, alituambia baada ya mazishi, kabla hajarudi Pate: "Eda ikisha tutakaa, tusemezane juu ya mtoto. Sina tena wa kunikumbusha mwanangu ila huyu."

Sikulala raha tangu siku ile. Zamzam ndiye aliyekuwa akimfanya Asmaa anyanyuke pale mkekani. Nilijua akiondolewa, binti yangu hanyanyuki tena. Hilo lilikuwa jambo langu moja, kwamba mtoto akae, na Bi Mwanashee akija aone nyumba yenye heshima na mkwewe anayekula na kusema.

Lakini Asmaa hakuwa akila wala akisema. Mwezi mzima. Hakulia pia. Nikimwekea uji anautazama mpaka unashika utando. "Sina ndaa," basi. Zamzam akimpanda mapajani, mamake humsuka nywele, akimaliza anazifumua, anasuka upya. Mato yake yalikuwa wazi na hamna mtu ndani. Nami nikawa hivyo hivyo. Nilikuwa napika, nafua, naenda kazini, narudi, na siku ikiisha sikumbuki nimefanya nini. Hata kuogopa nilikuwa naogopa bila kusikia chochote, kama mguu uliokufa ganzi, wajua ni wako kwa sababu wauona.

Ndipo nikawaza ile hitima ya Madamu. Nikasema, ikiwa inamtuliza yule mjane, itamtuliza na huyu. Madamu alikuwa ameshaondoka, na alisema ipigwe, hakusema ipigwe wapi. Nikaifunga katika leso, nikaibeba nyumbani.

Nilipoiweka sindano Asmaa hakugeuka. Wimbo wa kwanza, wa pili. Ulipofika wa tatu, zile fidla, akainua uso. Upande wa pili, ule wa piano tu, akatazama santuri kama anayetazama mtu aliyeingia. Ukaisha.

"Rejea," akasema.

Nikarejea. Mara tatu. Kisha akaomba chai. Akaomba na mkate.

Tangu hapo ikawa kila siku baada ya alasiri. Asmaa akala. Akaanza kumjibu mtoto. Siku moja alimkemea Zamzam kwa kumwaga mbaazi, nami nikasimama jikoni nashukuru kwa kelele ile. Majirani wakija kumtazama nawaambia, "Ingieni, tuko katika hitima. Ni ya Kizungu lakini hitima ni hitima." Nao wanaingia, wanavuta mitandio, wanakaa kimya.

"Huyu anayesoma," jirani mmoja aliniuliza, "si yuwasoma taratibu mno? Kwetu angekwisha maliza juzuu mbili."

"Wazungu hawana haraka na maiti," nikamjibu.

"Mungu awarehemu wafu wao," akasema, akala tende.

Mtu aliyenifumbua mato ni mwalimu Jepchirchir, mtu wa bara, anafundisha shule ya msingi na amepanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Alikuja kutaka kiberiti. Akasimama mlangoni na kiberiti mkononi, haondoki. Akaanza kutikisa kichwa na ile ngoma ya fagio.

"Eish! Mama Asmaa! Hii nayo mumeitoa wapi? Mamangu alikuwa nayo kwa kaseti, tukiwa wadogo. Alikuwa akipiga pasi nayo. Hii albamu ni ya zamani na bado haijazeeka, sikia hapo, sikia vile anachelewa!"

"Kwa hivyo na nyinyi bara mwaisoma?"

"Kuisoma?"

"Hitima."

Akanitazama. Alikuwa karibu kucheka, kisha akaona nguo nyeupe za Asmaa, akajizuia. Akanivuta mpaka kwenye daka, nje.

"Mama, usinikasirikie. Hizi ni nyimbo za mapenzi."

"Zote?"

"Zote kumi na mbili. Ule wa tatu anamwambia mwanamume akivua koti asilitundike mbali, maana atalitaka kulivaa yeye asubuhi. Ule wa piano..." akaona haya. "Ule anamwomba asiondoke. Basi. Anamwomba kwa njia nyingi."

Nikasema ahsante mwalimu. Nikaingia ndani. Nilimkuta Asmaa amekaa vile vile, jalada liko mapajani.

"Wewe umesoma mpaka kidato cha nne," nikamwambia. "Ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukunambia?"

"Ungeizima."

Kisha akasema maneno marefu kuliko yote tangu mazishi. Kwamba hotelini Ras Kitau walikuwa wakiipiga hiyo wageni wakila. Kwamba Mahir hakujua hata nusu ya maneno, lakini sauti alizishika zote, na akirudi nyumbani anaosha miguu huku anauvumisha ule wa piano mdomoni, na alikuwa akikosea pale pale kila siku, anaingia mapema. "Huyu anangoja," akasema Asmaa. "Mahir hakuweza kungoja. Nikimsikia huyu anangoja, nasikia pale Mahir angeingia."

Hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri, kina mama.

Mpaka hapo nilikuwa nimekosea tu. Ningeweza kumwambia kila aliyekaa katika ukumbi wangu, jamani, nimechanganya, mnisamehe, si hitima. Wangenicheka mwezi mmoja, na nikicheka nao ingekwisha. Au ningeirudisha santuri kwa Madamu, au ningemwachia Asmaa aisikilize chumbani peke yake na moyo wake, hilo ni lake na Mola wake. Nilikuwa na njia tatu. Nilichukua ya nne. Niliendelea kuipiga ukumbini na niliendelea kusema ni hitima. Nilihofia mtu wa Pate akisikia kwamba mkwe wao yuko edani anapigiwa nyimbo za mapenzi, watasema anamwita mume mwingine, na mtoto ataondoka. Nilimwomba mwalimu asiseme. Akasema, "Mimi sisemi kitu, mama, lakini si ungewaambia tu ukweli?" Nikamwambia yeye ni mgeni, hajui watu wetu.

Bi Mwanashee alikuja bila kutuarifu, siku ya Alhamisi. Maji yalikuwa yamejaa mapema, boti ya Pate ikawahi. Nilikuwa nimeshaweka sindano. Alipiga hodi, nikamkaribisha, Zamzam akamrukia. Akamshika Asmaa uso kwa mikono miwili akamtazama mato.

"Umerudi umbo," akasema. "Wala chakula, sivyo? Alhamdulillahi. Nilikuwa na hofu nawe, mwanangu."

Nikaona uso wake umelegea. Nikajua amekuja na moyo mzuri. Akakaa, na katika kukaa akaisikia.

"Ni nini hii?"

Nikasema, "Ni hitima, Bi Mwanashee. Ya yule Mzungu wangu, alikuwa akimsomea mumewe. Twamsomea Mahir."

Asmaa akanitazama. Sikumtazama.

Bi Mwanashee alisikiliza. Ulikuwa wimbo wa piano. Ni mama mzee wa shamba, hajui hata neno moja la Kiingereza, na nilimwona yale mambo yote ninayoyajua yakimwingia, ile pumzi, ule ucheleweshaji, ule mstari unaowekwa chini. Machozi yakamtoka. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa hakuwa amelia tangu aliporudi Pate, watu walikuwa na wasiwasi naye. Akainua mikono yake miwili. Akasoma Fatiha. Akasema, "Ewe Mola, mpokee Mahir wangu, na huyu anayemsomea umlipe kheri." Akanigeukia. "Rejea. Ipige tena kwa ajili yake."

Nikanyoosha mkono niirejee.

"Mama, zima," akasema Asmaa.

Nikazima.

"Si hitima," akamwambia Bi Mwanashee. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ni nyimbo za mapenzi. Mwanamke yuwamwambia mwanamume asende. Mahir alikuwa akiupenda, ndiyo maana nausikiliza. Nisamehe. Siwezi kukuacha umwombee Mungu hapo na mikono juu."

Bi Mwanashee aliishusha mikono polepole, akaiweka mapajani. Kisha hakumwuliza Asmaa. Aliniuliza mimi.

"Nawe ulijua?"

Nikasema, "Mwanzo sikujua."

"Sikukuuliza mwanzo."

"Nilijua."

Akatingisha kichwa mara moja. "Mngenambia, huu ni wimbo wa mapenzi, Mahir alikuwa akiupenda. Ningeusikiliza vivyo hivyo. Ningelia vivyo hivyo. Mama ni mama. Kwani mimi sikuwahi kuwa na mume?" Akafuta uso kwa ncha ya buibui. "Lakini umeniacha nikaisomea Fatiha."

Nikasema nisamehe. Nikasema niliogopa.

"Uliogopa nini?"

"Mtoto."

"Nilikuja kukwambia akae," akasema. "Nimekwisha semezana na wanangu. Nilisema pale ana bibi mwenye akili na mama anayemwombea mumewe, acheni akae mpaka apate akili zake, atakuja likizo. Hilo ndilo lililonileta. Sasa sijui. Nikikupigia simu, nikauliza mtoto mzima? Ukanambia mzima. Nitajuaje?"

Hakupiga kelele, na wala hakumtukana Asmaa. Alimwita akae karibu naye akamshika mkono, wakakaa hivyo wote wawili, mimi nimesimama na kifuniko cha santuri. Alilala pale, na alipoamka alikuwa amekata shauri. Alisema atamchukua Zamzam Pate, na eda ikisha, Asmaa akitaka kwenda kwa kadhi aende, hatakasirika. Nilimwambia Asmaa tuite wazee. Akasema, "Siendi kumshitaki mamake Mahir. Na hao wazee wakija, watamwuliza yeye alivyosikia, au watakuuliza wewe ulivyosema?"

Asubuhi Asmaa alimsuka mtoto. Safari hii hakuzifumua. Alimfungia nguo, akamwandikia jina katika kila daftari. Hawezi kutoka, yuko edani, hata kufika ufukweni hawezi. Waliagana ndani ya mlango, kabla ya daka. Zamzam aliuliza mara mbili kwa nini mama haji mpaka botini, na mara mbili Asmaa akamwambia, "Kwa ajili ya baba."

Tulitembea mpaka Amu mjini, zinakotoka boti za Pate, kwa ndia ya pwani, mimi na Bi Mwanashee na mtoto katikati. Bi Mwanashee alinisemeza mambo ya bei ya nazi, nami nikamjibu. Botini alipanda yeye kwanza, akanyoosha mikono, nikampa mtoto. Ndivyo ilivyokuwa. Ni mimi niliyempa.

Santuri nilishairudisha. Naifuta, naipiga kila wiki kama nilivyoambiwa, nasimama hapo. Bado ni nzuri. Ningetaka kuwaambia imeharibika masikioni mwangu, lakini haikuharibika, yule mwanamke hakunifanya kitu. Siku hizi nayajua maneno machache, mwalimu alinifundisha. Siku hizi sivui ndara mlangoni.

Asmaa anakula. Watu huniuliza hilo kwanza, nami nawaambia ndiyo, anakula, anasema, anajibu salamu. Amebakiza siku ishirini na mbili. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu kidogo.

Siku ile niliporudi kutoka Amu nilimkuta amekaa mlangoni kwa ndani, mahali pale pale alipomwachia mtoto. Nilikuwa nimetayarisha maneno ndiani, kwamba mtoto alifurahi kupanda boti, kwamba alipewa biskuti, alikuwa akicheka na bibi yake. Ningemwambia hayo angepumua.

"Alilia?" akaniuliza.

Nikavua viatu. Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Alilia," nikasema.

"Sana?"

"Sana. Mpaka nisimsikie tena."

Asmaa akaitika kwa kichwa. Hakuniuliza mara ya pili kama ni kweli.